CHETI CHA NDOA TUKITAFUTE WAPI?

Mama mmoja mjane wa upande wa Kabambare ametuletea barua, nayo imeandikwa na mjukuu wake mwanafunzi kwa mwandiko safi. Mume wa mama huyu alifanya kazi miaka mingi katika machimbo ya bati ya Kalima, akapumzishwa kazi, akarudi nyumbani kulima, na mwaka jana Mungu akamwita. Sasa ofisi ya pansio yamwambia mjane: Lete cheti cha ndoa. Na ndugu za marehemu, ambao siku za uhai wake walikuwa wakila katika sahani ya mama huyu, wanamwambia: Karatasi iko wapi? Kama hakuna karatasi, nyumba ni yetu. Mama alifunga ndoa yake mbele ya altare, mbele ya padri na mashahidi wawili, yapata miaka hamsini na mitano iliyopita. Aliyewabariki amekwisha kufa, na mashahidi wote wawili wamekwisha kufa. Anauliza: Ndoa yangu imeandikwa wapi, na nitaiombaje?

Tunalijibu swali hili kwa urefu, maana si la mama huyu peke yake. Twajua jamaa nyingi katika Kasongo na Kabambare zilizo na shida ile ile, na wengi hukata tamaa mapema kwa sababu waligonga mlango mmoja tu, wakaukuta umefungwa.

Yatupasa kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Katika nchi yetu mtu huoa kwa wazee, huoa Kanisani, huoa kwa Serikali. Kwa wazee mahari hutolewa, jamaa mbili hula pamoja, binti huagwa na mama zake. Hapo karatasi haipo, ila pengine orodha ya mali iliyoandikwa na mjomba anayejua kusoma. Nayo orodha hiyo msiitupe hata ikiwa imeliwa na panya. Kanisani ndoa huandikwa katika kitabu cha parokia. Kwa Serikali huandikwa katika kitabu cha Eta Sivili, ambacho huku kwetu vijijini kiko katika ofisi ya sekta au ya sheferi, si katika ofisi kubwa ya teritwari. Watu wengi hupoteza siku na nauli kwa kutojua hilo: wanatoka Wamaza au Salamabila, wanapanda pikipiki hadi makao ya teritwari, kumbe kitabu kimelala karibu na kwao, katika sekta.

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, haiidharau ndoa ya wazee. Yasema ni ndoa. Walakini yaagiza kwamba katika muda wa mwezi mmoja baada ya sherehe mume na mke, pamoja na mashahidi wao, mmoja kila upande, wajitokeze mbele ya ofisa wa Eta Sivili ili ndoa yao iandikwe. Mbele ya watu wa nje ndoa hiyo hupata nguvu siku inapoandikwa. Na ndoa ya Kanisani peke yake, bila kuandikwa kwa Serikali, sheria ya nchi haiihesabu. Wako Wakristu wanaokasirika wakisikia hivyo. Wanasema: Je, Sakramenti si kitu? Sakramenti ni kitu kikubwa kupita karatasi yote ya dunia, lakini karani wa pansio hakuwekwa kupima Sakramenti. Amewekwa kusoma kitabu cha Serikali. Hapo hana kosa. Kosa ni letu sisi tunaowapeleka vijana altareni kwa ngoma na mavazi meupe, tukasahau kuwapeleka kwa shefu wa sekta.

Basi, je, cheti cha Kanisa hakina faida kwa mjane? Kina faida kubwa, kama tutakavyoona. Ndiyo maana tunaanza na kitabu cha parokia.

Mtaguso wa Trento ndio ulioagiza mwaka 1563 kwamba kila paroko awe na kitabu cha kuandikia ndoa: majina ya waliooana, majina ya mashahidi, siku na mahali. Sababu yake haikuwa kupenda karatasi. Zamani zile watu walikuwa wakioana kwa siri. Halafu mume alimkana mke, akaoa mwingine mahali pengine, na yule wa kwanza hakuwa na ushahidi. Kwa hiyo kitabu cha ndoa kilianzishwa hasa kwa ajili ya watu kama mama yetu wa Kabambare. Mwaka 1907 Papa Pio wa Kumi aliongeza agizo jingine, nalo ndilo tunalotaka mlishike sana: ndoa isiandikwe katika kitabu cha ndoa tu, iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo, pembeni mwa jina la kila mmoja wa waliooana. Ikiwa mtu alibatizwa katika parokia nyingine, paroko aliyefungisha ndoa hana budi kupeleka habari huko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imelishika agizo lile lile katika kanuni ya 1121 na ya 1122.

Fikirini maana yake. Ndoa moja ya Wakristu wawili, ikiwa mapadri walifanya kazi yao sawasawa, imeandikwa mahali patatu: katika kitabu cha ndoa cha parokia walipooana, katika kitabu cha ubatizo cha parokia alikobatizwa mume, na katika kile cha parokia alikobatizwa mke. Kitabu kimoja kikiungua, viwili vinaweza kuwa vizima. Mama akiambiwa, Kitabu cha ndoa cha mwaka ule hakipo, asirudi nyumbani kulia. Aulize: Na cha ubatizo wangu? Na cha ubatizo wa marehemu? Kama mume alibatizwa Kipaka na mke Kabambare, huku ndoa yao ilifungwa Kalima, hapo milango ni mitatu, nayo iko mbali mbali. Vita haviwezi kupita katika milango yote mitatu siku moja.

Hapa twapenda kuwaambia vijana jambo moja linalowaudhi. Kijana anataka kuoa, anamletea paroko kadi yake ya ubatizo ya tangu utotoni, nzuri, imetunzwa katika plastiki. Paroko anaikataa, anataka cheti kipya kilichotolewa katika miezi sita. Kijana anasema, Padri ananisumbua, ubatizo wangu umebadilika? Ubatizo haukubadilika. Kinachotafutwa ni ile pembe ya kitabu. Kadi ya utotoni haisemi kama ulioa Lubumbashi miaka mitatu iliyopita. Kitabu chasema. Wako wanaume waliokwenda machimboni wakijiita vijana wasio na mke, na barua fupi ya paroko wa nyumbani ikawaumbua wiki mbili kabla ya harusi. Mama aliyeachwa kijijini na watoto wanne hakuwa na pikipiki wala franka ya kumfuata mumewe. Mstari mmoja wa wino ulimtetea.

Hatusemi kwamba habari zilipelekwa siku zote. Nyakati nyingine padri alikuwa na vituo ishirini vya kutembelea kwa baiskeli, barua ilikaa mezani mpaka mvua ikaingia. Lakini mara nyingi zilipelekwa, na wengi wenu mngeshangaa kuona uangalifu wa Mapadri Weupe wa zamani katika jambo hili. Kila mbatizwa alikuwa na nambari yake. Wazee wetu wengine waliijua nambari hiyo kwa moyo kama askari anavyojua ya bunduki yake. Kama babu au bibi bado yu hai, mwulizeni leo, muiandike. Nambari ya ubatizo hufungua kitabu kwa dakika mbili; bila nambari, paroko atafunua kurasa mchana kutwa.

Nanyi wanafunzi mnaosoma vizuri, mtahitajiwa, maana vitabu vya kale si rahisi. Vingi vimeandikwa Kilatini au Kifaransa. Majina yamevaa nguo ya Kilatini: Joannes ndiye Jean, Jacobus ndiye Jacques, Stephanus ndiye Étienne, Carolus ndiye Charles. Ludovicus na Aloysius wote wawili huitwa Louis kwetu, walakini ni watakatifu wawili mbalimbali, basi msiwachanganye. Filius ni mwana wa kiume wa fulani, filia ni binti. Testes ni mashahidi. Vidua ni mwanamke mjane. Mkiona 7bris, msidhani ni mwezi wa saba. Ni Septemba, kwa kuwa septem kwa Kilatini ni saba, na Warumi wa kale walihesabu miezi wakianza na Machi. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, Xbris ni Desemba. Mwanafunzi asiyejua hilo aweza kumkosesha bibi yake siku ya ndoa kwa miezi miwili, na karani wa tribunali ataona tarehe mbili zisizolingana, aseme hati ni ya uongo.

Mkiona pia maneno disp. cult., maana yake Askofu alitoa ruhusa Mkristu amwoe mtu asiyebatizwa. Katika nchi ya Kasongo, ambapo Waislamu ni jirani zetu na mara nyingi ni shemeji zetu tangu siku za Tippu Tip, mtakutana nayo. Ndoa ya namna hiyo itaonekana katika kitabu cha ubatizo kimoja tu, cha yule aliye Mkristu. Msipoteze nauli kutafuta cha pili.

Tena majina ya nyumbani. Padri Mbelgiji aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Shabani alikuwa Chabani, Juma alikuwa Djuma, Chausiku alikuwa Tchausiku, Musa alikuwa Moussa. Mtafuteni Juma chini ya D pia. Na wako Wakristu wengi wanaoitwa Ramazani, Saidi na Amisi ambao babu zao hawakuingia msikitini hata siku moja. Majina hayo kwetu ni ya nchi nzima. Msimruhusu mtu awaambie, Huyu si wa kitabu hiki, kwa kuangalia jina tu.

Lakini shida kubwa ya majina haikutoka kwa mapadri, ilitoka kwa Serikali. Mwaka 1972, katika siasa ya kurudi kwenye asili, Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristu, na padri aliyembatiza mtoto wa nchi kwa jina la kigeni alitishwa kwa kifungo. Kwa hiyo mtu aliyeandikwa Petrus katika kitabu cha ubatizo mwaka 1950 alionekana katika karatasi za Serikali za miaka ile kwa majina mawili au matatu ya ukoo tu, bila Petrus. Mwaka 1990 majina ya Kikristu yalirudi kutumiwa wazi, wala si kila mtu aliyarudisha kwa namna moja. Matokeo yake ni kwamba marehemu mmoja ana majina matatu: moja la Kanisa, moja la kitabu cha kazi, moja la kadi ya kupiga kura. Ofisi ikiona hivyo husema, Hawa ni watu watatu. Dawa yake ni kuyakusanya majina yote katika ukurasa mmoja kabla ya kutoka nyumbani, pamoja na jina la baba yake na la mama yake, ambayo hayabadiliki. Jina la mama husaidia kupita yote. Akina Ramazani ni wengi, lakini Ramazani wa mama fulani wa kijiji fulani ni mmoja.

Majina ya nchi nayo yalibadilika. Karatasi ya mwaka 1978 itasema Zaire, Jimbo la Kivu, Maniema ikiwa chini yake, na Zone ya Kasongo. Msiogope. Zone ile ndiyo teritwari ya leo, na collectivité ndiyo sekta au sheferi. Maniema ilipata kuwa jimbo lenyewe mwaka 1988 tu. Mtu akiandika barua ya kuomba hati ya mwaka 1978, aandike jina la zamani na la sasa yote mawili.

Sasa tuseme juu ya vitabu vilivyopotea, maana tunajua mtauliza. Mwaka 1964 Simba walishika sehemu kubwa ya Maniema, na misioni ziliporwa. Vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003 vilipita tena katika nchi hii, na baada yake makundi ya wenye silaha hayakuisha. Mchwa hawakungoja vita. Basi kitabu cha parokia kisipopatikana, na vitabu viwili vya ubatizo visipopatikana, bado kuna mlango wa nne ambao wachache wanaujua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyotumika mpaka mwaka 1983, iliwaagiza maparoko kupeleka kwa Askofu nakala ya vitabu vyao mwisho wa kila mwaka. Kwa hiyo nakala ya ndoa yako, ikiwa ni ya kabla ya 1983, yaweza kuwa katika ofisi ya Jimbo, na mwenye kuulizwa ni padri kansela. Vikariato ya Kasongo ilianzishwa mwaka 1952, ikawa Jimbo kamili mwaka 1959. Ndoa ya baada ya 1952 iulizwe Kasongo. Ya kabla ya hapo yaweza kuulizwa Bukavu, kwani tulikuwa katika Vikariato ya Kivu. Na ya zamani kabisa, kabla ya 1929, ilikuwa chini ya Askofu Roelens wa Kongo ya Juu, aliyekaa Baudouinville, mahali panapoitwa leo Kirungu, katika Moba. Kwa mjane wa leo hizo za mwisho ni mbali mno. Tumezitaja kwa ajili ya walimu wanaotafuta habari za mababu.

Kama hakuna kitu hata huko, paroko aweza kuwasikia watu waliokuwapo siku ya harusi, wakiapa, na Jimbo likatoa hati kwa ushahidi wao. Hapo ndipo wazee wa kanisa na wakatekista wa zamani wanapokuwa dhahabu. Twaomba sana: msingoje wafe. Mjane akiwa na shahidi mmoja wa miaka themanini, aende kesho.

Tumemaliza upande wa Kanisa. Upande wa Serikali kazi ni fupi zaidi, wala si nyepesi. Nendeni katika sekta au sheferi ndoa ilipoandikwa, si mnapokaa sasa. Mwombeni karani wa Eta Sivili nakala ya cheti cha ndoa, na semeni kama mwataka nakala kamili au dondoo tu. Kwa pansio na kwa mambo ya urithi takeni nakala kamili, maana ndiyo yenye majina yote. Ulizeni ushuru ni kiasi gani kabla ya kutoa fedha, na mkilipa mpewe karatasi ya malipo yenye kashe. Karani anayekataa kuandika karatasi ya malipo, fedha hizo hazikwenda kwa Serikali. Twayasema haya bila kumtukana mtu. Wako makarani waaminifu wanaofanya kazi katika nyumba inayovuja, wakinunua kalamu kwa fedha zao wenyewe, na wanastahili heshima. Wako na wengine.

Kitabu cha sekta kikiwa kimepotea, kumbukeni kwamba Serikali pia haiweki nakala mahali pamoja. Sheria inataka nakala ya hati za Eta Sivili iende katika greffe ya tribunali. Ulizeni huko. Na kama ndoa haikupata kuandikwa kabisa, au kila nakala imepotea, shauri huenda mbele ya tribunali, ambayo yaweza kutoa hukumu ya kuziba pengo la hati. Kwa Kifaransa huitwa jugement supplétif. Hapo ndipo cheti cha Kanisa kinapopata nguvu yake. Mwamuzi anataka ushahidi. Mjane akimwekea cheti cha paroko chenye siku, mashahidi na mhuri, na orodha ya mahari ya mwaka ule, na vyeti vya ubatizo vya watoto vinavyotaja baba na mama, na kadi ya kazi ya marehemu iliyoandika jina la mkewe, huyo si mwombaji mtupu tena. Kumbukeni kadi ya kazi. Makampuni ya bati yaliandika mke na watoto wa kila mfanyakazi, kwani posho ilitolewa kwa hesabu yao. Symétain iliingia katika Sominki mwaka 1976, nayo Sominki ikavunjwa mwaka 1997, lakini karatasi ndogo ambazo marehemu aliweka katika sanduku la bati chini ya kitanda hazikuvunjwa. Lifungueni sanduku hilo mbele ya watoto wote, kabla ya shemeji kulichukua.

Juu ya nyumba twamwambia mama neno hili. Sheria ya Jamaa yampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vyake, na watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, mbele ya ndugu zake. Ndugu za mume wanaosema nyumba ni yao, wanasema neno ambalo sheria haikusema. Lakini haki hii ni ya mke aliyejulikana kuwa mke. Kwa hiyo asikubali kutoka nyumbani wakati anapotafuta hati. Akisha kutoka, kurudi ni vigumu kuliko kubaki. Amwombe paroko na mzee mmoja wa jamaa, mwenye sauti inayosikiwa, wawaite shemeji zake wakae chini wazungumze. Mara nyingi hasira ya ndugu hupoa wakijua kwamba barua imekwisha kwenda Kasongo.

Wengi wanatuuliza barua yenyewe iandikwe namna gani. Iwe fupi. Paroko anasoma barua nyingi, na ile inayoanza na kurasa mbili za salamu huwekwa chini ya nyingine. Mjukuu aweza kuandika hivi:

“Tumsifu Yezu Kristu. Baba Paroko, yambo na heshima zote. Mimi ni … (majina yote), binti wa … na …, niliyebatizwa … mwaka …, nambari …. Nilifunga ndoa katika parokia yako na … (majina yote ya mume, la Kanisa na la nyumbani), mwana wa … na …, mwaka … au karibu yake, wakati wa mavuno ya mpunga. Mashahidi walikuwa … na …. Mume wangu amefariki tarehe …. Naomba cheti cha ndoa hii kutoka katika kitabu chako, kwa ajili ya ofisi ya pansio. Kitabu kikikosekana, naomba uniandikie hivyo kwa mhuri, ili nipate kuuliza kwingine. Anayeleta barua hii ni mjukuu wangu …, nami nimempa ruhusa kupokea jibu. Ni mimi mtoto wako katika Kristu, …”

Angalieni maneno mawili katika barua hiyo. La kwanza ni “au karibu yake.” Msiandike mwaka kwa uhakika kama hamna uhakika, kwa sababu paroko ataangalia mwaka huo tu, aseme hakuna. Semeni ni karibu na jambo gani: kabla ya mtoto wa kwanza, mwaka wa njaa, mwaka alipofika Askofu kwa Kipaimara. La pili ni lile la kuomba jibu hata kama kitabu kimekosekana. Karatasi yenye mhuri inayosema “hakuna” ni hati pia. Tribunali huitaka, kwani yaonyesha kwamba mlitafuta.

Tena msimwombe paroko awaachie kitabu mkifunue wenyewe. Wengine hununa akikataa, na sisi tunasema amefanya vema. Kitabu kile kina siri za jamaa nyingine: mtoto wa nani alizaliwa nje ya ndoa, nani alitengana na nani. Sheria ya Kanisa inampa kila mtu haki ya kupata nakala ya hati inayohusu hali yake mwenyewe, au kwa mkono wa aliyemtuma. Haki ya kusoma mambo ya jirani haimpi. Siku hizi vijana hutaka kupiga picha ya ukurasa kwa simu. Ofisi ya pansio haipokei picha, inapokea cheti chenye sahihi na mhuri. Picha iombwe tu kama paroko mwenyewe anapenda kuipeleka kwa simu kwa paroko mwenzake wa mbali, kusudi kutafuta kuharakishwe; hapo simu imefanya kazi njema.

Kwa mama wa Kabambare tumeandika jibu la pekee, tumempa mpango huu: barua moja kwa paroko wa Kalima, ambako ndoa ilifungwa, moja kwa parokia ya ubatizo wa marehemu, na yeye mwenyewe, kwa kuwa alibatizwa karibu, aende kwa miguu Jumapili baada ya Misa, akiwa na nambari yake, ambayo mjukuu ametuandikia kwamba bibi anaikumbuka. Kama mwezi mmoja umepita bila jibu kutoka Kalima, aandike tena maneno yale yale, na nakala ampelekee padri kansela wa Jimbo lenye parokia ile.